Mionzi na Pua: Kukagua Shehena ya Lori Bila Kuishusha

Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita Kisesa, kilometa zipatazo 20 mashariki ya mji, karibu na Bujora yenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Wanafunzi wanaopelekwa hapo kutazama ngoma na viti vya enzi vya watemi wakigeuka upande wa barabara wataona jambo jingine lifaalo kuchunguzwa, nalo ni malori. Yapo yaliyobeba pamba, mchele, saruji na dagaa waliokaushwa, na yapo yenye majokofu yaliyojaa minofu ya sangara. Mbele yao iko Magu, kisha Lamadi, kisha lango la Ndabaka ambapo Hifadhi ya Serengeti hukaribia ziwa, na mwisho mpaka wa Sirari. Turubai limefungwa kamba, na milango ya kontena imetiwa lakiri. Kilichomo ndani anakijua yule aliyepakia.

Njia ya kale ya kukijua ni kushusha mzigo. Lori lenye tani 30 za mchele katika magunia ya kilo 100 lina magunia 300, na kila gunia sharti lishuke kisha lipande tena. Kwa mchele hasara ni muda na jasho la wapagazi. Kwa samaki waliogandishwa hasara ni samaki wenyewe, maana mlango ukiachwa wazi adhuhuri barafu haingoji karani amalize kuandika. Mamlaka yoyote ikiamua kushusha kila lori itaisimamisha biashara ya Kanda ya Ziwa; ikiamua kutoshusha lolote, itakuwa imewafungulia mlango wale wapitishao magendo. Sayansi haikuondoa mashaka hayo yote, lakini imeleta njia mbili za kuyapunguza. Moja ni mionzi, nyingine ni pua ya mnyama.

Ugumu wenyewe

Ugumu wa kazi hii huonekana vizuri kwa kutumia dhahabu, mali ambayo Kanda ya Ziwa inaijua. Januari 2019 zaidi ya kilo 300 za dhahabu zilikamatwa mkoani Mwanza, katika safari iliyohusisha kivuko cha Kigongo na Busisi. Daraja lililofunguliwa mwaka 2025 lilikuwa bado halijajengwa. Msomaji asikiapo kilo 300 huenda akafikiria rundo kubwa. Lakini densiti ya dhahabu ni gramu 19.3 kwa kila sentimeta ya ujazo. Kilo 300 zikigawanywa kwa 19.3 hutoa lita 15 na nusu tu, yaani kiasi kisichojaza ndoo moja ya kuchotea maji ya lita 20. Kontena la futi 40 lina ujazo wa lita 67,000 hivi. Anayetafuta anatafuta sehemu moja katika zaidi ya elfu nne. Mzani wa barabarani nao hausaidii sana, kwa kuwa kilo 300 katika tani 30 ni asilimia moja, tofauti ambayo inaweza kuletwa na mafuta ya gari peke yake.

Katika shauri hilo la 2019 askari polisi kadhaa walikuwa miongoni mwa walioshitakiwa. Jambo hilo halimhusu mwanafizikia moja kwa moja, ila linaeleza kwa nini serikali nyingi hupenda ushahidi ambao hautegemei neno la mtu mmoja tu aliyesimama kizuizini. Picha ya mtambo hubaki katika kumbukumbu na huweza kutazamwa tena na mwingine. Mbwa naye hajui cheo cha mtu.

Mionzi ipenyayo chuma

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ambayo asili yake hakuielewa, akaiita kwa herufi ya kitu kisichojulikana katika aljebra. Ndiyo eksirei. Katika hospitali mionzi hiyo hutolewa kwa mtambo wa volti 50,000 hadi 120,000 hivi, na nguvu hiyo yatosha kupenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Kwa lori haitoshi. Mitambo ya kukagulia shehena hutumia kichapuzi, yaani bomba ambamo elektroni husukumwa kwa mawimbi ya redio mpaka zipate nishati ya elektronivolti milioni 3 hadi 9. Elektroni hizo hugonga bamba la tungsteni. Zinaposimamishwa ghafula, sehemu ya nishati yake hutoka ikiwa eksirei kali. Bandari ya Dar es Salaam imekuwa ikitumia mitambo ya kukagulia makontena tangu miaka ya 2000, na bandari ya Mombasa na vituo vya mipakani vya Uganda navyo vinayo.

Mionzi haimwagwi ovyo kama mwanga wa taa. Hupitishwa katika mwanya mwembamba wa risasi hata ikawa kama kisu kilichosimama wima. Upande wa pili wa lori vimepangwa vigunduzi vingi, kimoja juu ya kingine. Lori likipita polepole kati ya chanzo na vigunduzi, au mtambo wenyewe ukipita kando ya lori, picha hupatikana mstari baada ya mstari, kama mkeka unavyoshonwa ukili kwa ukili.

Kanuni inayotawala hapa ni rahisi na yafaa kuandikwa ubaoni. Kwa eksirei za nishati hiyo, chuma cha unene wa sentimeta 3 hivi hupunguza mionzi kuwa nusu. Sentimeta 3 nyingine huipunguza nusu hiyo kuwa robo. Kwa chuma cha sentimeta 30 mionzi imegawanywa kwa mbili mara kumi, na mbili kwa kipeo cha kumi ni 1,024. Ni sehemu moja tu katika elfu inayofika upande wa pili, na hapo ndipo mitambo mingi ya kawaida hukaribia mwisho wa uwezo wake. Dhahabu ni nzito zaidi, hivyo unene wa takriban sentimeta moja tu hutosha kukata mionzi nusu. Tofali dogo la dhahabu lililofichwa katikati ya magunia ya pamba litaonekana wazi kama jiwe ndani ya mto wa kulalia. Likifichwa ndani ya injini, shabaha hiyo imepotea.

Lakini kwa Mwanza swali lililo kubwa zaidi si la chuma, bali la samaki. Maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wa samaki, hupunguza mionzi hiyo nusu kwa kila sentimeta 15 hivi. Hiyo ni hafifu sana ikilinganishwa na chuma, na mwanafunzi aweza kudhani kwamba lori la minofu litaangazwa bila taabu. Afanye hesabu kwanza. Upana wa kontena kwa ndani ni sentimeta 235. Kama lingejaa maji matupu, mionzi ingekatwa nusu mara 15 hadi 16, na mbili kwa kipeo cha kumi na sita ni 65,536. Kweli maboksi ya minofu huacha nafasi za hewa. Hata hivyo, theluthi moja ikitolewa kwa ajili ya nafasi hizo, bado inabaki migawanyo kumi, sawa na ile ya chuma cha sentimeta 30. Ndiyo kusema kwamba lori lililoshindiliwa samaki waliogandishwa huikaribia giza kwa mtambo sawasawa na ukuta wa chuma. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana nishati za mionzi hiyo zimechanganyika na zile dhaifu hufyonzwa kwanza, lakini yatosha kuonyesha kwa nini mkaguzi mwenye picha nzuri bado huweza kubaki na doa jeusi asilolijua.

Mitambo mipya huongeza werevu mwingine. Hutuma mipigo ya nishati mbili kwa kupokezana. Elementi zenye kiini kizito na zile zenye kiini chepesi hazifyonzi nishati hizo mbili kwa uwiano mmoja, kwa hiyo kompyuta ikilinganisha picha mbili huweza kukisia kama kitu ni cha jamii ya kaboni na maji, au cha jamii ya chuma, au kizito zaidi. Kisha hupaka rangi: mara nyingi rangi ya machungwa kwa vitu vya asili ya mimea na wanyama, buluu kwa metali. Rangi hizo ni za kompyuta, si za vitu. Mkaguzi asiyekumbuka hilo atazisadiki kupita kiasi.

Pembe ndani ya makombe

Novemba 2013 ilikuwa mwezi wa somo kubwa. Katika bandari ya Zanzibar zilikutwa karibu tani tatu za pembe za ndovu ndani ya kontena, zimefunikwa makombe ya baharini. Mwezi huohuo, katika nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, zilikutwa pembe 706, zikiwa pamoja na makombe ya konokono na vitunguu saumu. Mwaka 2015 pembe nyingine, tani nyingi, zilikamatwa Thailand na Singapore katika makontena yaliyopitia Mombasa yakiwa na majani ya chai.

Waliopanga mizigo hiyo hawakuwa wajinga wa fizikia wala wa baiolojia. Chai ni nyepesi. Pembe iliyo ndani yake ni nzito kuliko majani na ina umbo la upinde, basi mtambo wa eksirei wenye mtazamaji makini huiona. Makombe ni habari nyingine. Pembe ya ndovu ni jino, nalo hufanywa kwa kalisi na fosfati pamoja na protini iitwayo kolajeni. Kombe hufanywa kwa kalisi na kaboneti. Kwa mionzi, kilicho muhimu ni uzito wa atomu na wingi wake njiani, na atomu nzito katika vitu vyote viwili ni ileile moja: kalisi. Pembe zilizozikwa ndani ya rundo la makombe huonekana kama sehemu ya rundo. Kitunguu saumu nacho hakikuwekwa kwa ajili ya mtambo. Kiliwekwa kwa ajili ya pua.

Kilichokuwa hatarini kinajulikana kwa tarakimu. Hesabu ya ndovu wa Tanzania mwaka 2009 ilikuwa 109,000 hivi. Ile ya mwaka 2014 ilitoa 43,000. Katika miaka mitano zaidi ya nusu walikuwa wametoweka, na pembe zao hazikutoka nchini kwa miguu.

Pua ya mbwa

Binadamu ana seli za kunusia zipatazo milioni 5 au 6. Mbwa, kwa kadiri ya aina yake, ana zaidi ya milioni 200. Tofauti haikomei katika wingi. Mbwa anusapo huvuta hewa kwa mikupuo mifupi, kama mitano kwa sekunde, na sehemu ya hewa hiyo hupelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma cha pua ambacho hakitumiki kupumua. Akitoa pumzi, hewa hutokea kwenye nyufa za pembeni mwa pua, isiisukume mbali harufu iliyo mbele.

Anayeweka kitunguu saumu hufikiri kwamba harufu kali huifunika harufu hafifu, kama kelele ifunikavyo mnong'ono. Kwa pua ya binadamu ni kweli kwa sehemu kubwa. Mbwa aliyefunzwa huzipokea harufu mbili zikiwa mbili. Hafundishwi kuchukia kitunguu wala kukitafuta. Amefundishwa kwamba harufu ya kolajeni na mafuta ya pembe ikiwapo, kwa namna yoyote na pamoja na chochote, atapewa mpira wake. Mbwa hatafuti pembe. Anatafuta mpira.

Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianza mpango wa kufunza mbwa na waongozaji wao karibu na Arusha, na baadaye wakapelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege, pamoja na Dar es Salaam na Mombasa. Karibu zaidi na barabara ya Bujora, katika maeneo ya magharibi ya Serengeti, Grumeti Fund ilianzisha kikosi cha mbwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na Working Dogs for Conservation la Marekani. Mbwa hao hufundishwa kunusa pembe, magamba ya kakakuona, nyama ya porini, bunduki na risasi, na magari ni miongoni mwa vitu wanavyokagua.

Hata hivyo mbwa si kipimo kisicho na dosari, na ni vema wanafunzi wa sayansi walijue hilo kuliko kuimba sifa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio la timu 18 za mbwa na waongozaji. Waongozaji waliambiwa kwamba mahali fulani palikuwa na harufu iliyofichwa na kwamba penye kipande cha karatasi nyekundu ndipo penyewe. Kwa kweli hapakuwa na harufu popote. Hata hivyo timu nyingi zilitoa ishara, hasa penye karatasi ambazo waongozaji walizitazama. Mbwa alikuwa akiusoma uso na mkono wa bwana wake. Kwa ajili hiyo mazoezi mazuri hufanywa bila mwongozaji kujua shabaha ilipo, na yeyote atakaye kusadiki kikosi cha mbwa na aulize kwanza kama mazoezi ya namna hiyo hufanywa.

Liko pia tatizo la nchi zetu wenyewe. Mbwa hapozi mwili kwa jasho bali kwa kuhema, na anayehema kwa mdomo hanusi vizuri. Bati la kontena lililoanikwa juani huunguza nyayo. Joto hufanya molekuli nyingi zaidi ziruke kutoka katika kitu, basi saa ya adhuhuri harufu huwa nyingi na mnusaji huwa dhaifu. Alfajiri mambo hugeuka. Magharibi ya Serengeti kuna mbung'o, na ugonjwa wa nagana huua mbwa kama uuavyo ng'ombe.

Mwaka 2018 huko Mombasa ilijaribiwa njia ya kulikwepa jua. Badala ya kumpeleka mbwa kwenye kontena, hewa ya kontena ilipelekwa kwa mbwa: pampu huvuta hewa kutoka ndani, hewa hupita katika chujio, na chujio hupelekwa kwenye chumba chenye ubaridi ambako mbwa hupita akinusa kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo ilifanywa na Shirika la Wanyamapori la Kenya pamoja na WWF na TRAFFIC. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, kwani Afrika Kusini lilikuwa limetumika kutafuta mabomu ya ardhini.

Hesabu ya tahadhari za bure

Mwanafunzi na achukue mfano wa kufikirika. Malori 1,000 yamepita, na 10 kati yake yana magendo. Mbwa hugundua 9 katika kila 10 yaliyo na magendo, na hukosea katika malori 5 kwa kila 100 yaliyo safi. Wengi watasema kipimo hicho ni kizuri, na ni kizuri. Lakini malori safi ni 990, na asilimia tano yake ni 50 hivi. Basi ishara zote ni 59, na za kweli ni 9 tu. Mwenye lori aliyesimamishwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mtu mwema.

Malori hayo 59 yapitishwe sasa katika mtambo wa eksirei unaogundua 8 katika 10 na kukosea 10 katika 100. Katika 9 yenye magendo hubaki 7. Katika 50 safi hubaki 5. Yatakayoshushwa ni 12, na 7 kati yake ni ya kweli. Samaki wa watu wengi wamepona, lakini magendo 3 yamepita. Anayetaka yasipite atashusha kila lori lililotiliwa shaka na mbwa au na mtambo, hata kimoja tu; hapo atakamata karibu yote 10, lakini atashusha malori safi kama 144. Sayansi haiwezi kuamua lipi ni bora. Huo ni uamuzi wa wenye nchi, na ungefaa kufanywa kwa tarakimu mkononi.

Hesabu hiyo ina sharti moja lililojificha: kwamba makosa ya mbwa na makosa ya mtambo hayafuatani. Kwa bahati njema ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa. Mtambo hupima densiti na umbo, mbwa hupima molekuli zinazoruka. Makombe humdanganya mmoja, plastiki iliyofungwa barabara humdanganya mwingine. Kununua mtambo wa pili wa aina ileile hakuleti faida hiyo, na mtambo uliosimama kwa kukosa kipuri hauleti faida yoyote.

Je, samaki watadhurika?

Swali hili huulizwa mara kwa mara, tena ni la haki. Eksirei si uchafu unaobaki katika kitu. Mtambo ukizimwa mionzi imekwisha, kama mwanga uishavyo taa ikizimwa. Ili kitu kianze chenyewe kutoa mnururisho, sharti viini vya atomu zake vivurugwe, na eksirei za kiwango hiki cha nishati hazifanyi hivyo kwa kiasi cha kutia hofu. Mlaji wa minofu hana la kuogopa. Wa kulindwa ni mtumishi anayekaa karibu na mtambo kila siku, na dereva, ambaye huteremshwa au kichwa cha gari hupita kwanza kabla mionzi haijawashwa. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa kwa mwananchi wa kawaida, mbali na mionzi ya asili na ya matibabu, ni milisiveti 1 kwa mwaka. Katika Tanzania usimamizi wa matumizi ya mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003.

Mnusaji wa Morogoro

Liko jibu moja kwa matatizo ya mbwa ambalo limetoka hapahapa nchini. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likiwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya huyu ana uzito wa kilo moja hivi, huishi akifugwa mpaka miaka minane, na magonjwa ya mazingira yetu hayamsumbui sana kwa kuwa ni mwenyeji. Hashikamani na mtu mmoja kama mbwa, basi huweza kufanya kazi na mwongozaji yeyote.

Mwaka 2024 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya panya waliofundishwa kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za kifaru na mti wa mpingo, vikiwa vimechanganywa na vitu vingine 146 kama kahawa na sabuni, ambavyo wasafirishaji wa magendo huvitumia kuficha harufu. Panya waliopumzishwa kwa miezi minane bila kukutana na harufu hizo walizitambua waliporudishwa. Walishonewa vizibao vidogo vyekundu vyenye kitufe kifuani. Panya akipata alichofundishwa hukivuta kwa mikono yake, na kengele hulia. Wamejaribiwa katika bandari ya Dar es Salaam, na kwa kuwa ni wadogo huweza kuinuliwa hadi kwenye matundu ya hewa yaliyo juu ya kontena, mahali ambapo mbwa hafiki bila ngazi.